Namba A Si Aibu ya Gari la Kale

Tangazo la gari Tanzania lina desturi yake. Kabla muuzaji hajataja injini, kabla hajasema kama gari limewahi kupinduka, hutaja herufi. "IST namba D." "Noah namba C, bei maelewano." "Namba E, haidaiwi." Herufi hiyo moja, ya kwanza kati ya tatu zinazofuata tarakimu kwenye kibao, siku hizi inafanyishwa kazi ya cheti cha kuzaliwa na cheti cha afya kwa pamoja. Mwenye namba E hutembea kifua mbele. Mwenye namba A hushauriwa auze upesi, maana kila mwaka unaopita unamshushia bei.

Mawazo haya yamepanda mpaka Ufipa, mkoani Rukwa. Sumbawanga, mji uliolala kwenye mwinuko wa mita zipatazo 1,800 chini ya Milima ya Mbizi, una Land Rover zinazowazidi umri madereva wake. Nyingine zimelala nyuma ya nyumba, matairi yamezama udongoni, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva. Nyingine zimeanza kufufuliwa na wastaafu, wafanyabiashara wa mahindi na vijana waliorithi gari la babu: fremu inachomelewa, bodi inanyooshwa, rangi inapigwa. Kazi ikikaribia kwisha linazuka swali la kibao. Na jibu linalotawala gereji na vijiwe ni kwamba gari lililofufuliwa liondolewe aibu ya namba A, litafutiwe namba mpya kwa njia yoyote, na mwenyewe akiwa na uwezo liwekewe namba ya jina lake.

Jibu hilo ni kosa, na linaanza kukosea kwenye herufi yenyewe.

Mfumo wa sasa, wa T ikifuatiwa na tarakimu tatu na herufi tatu, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 chini ya Mamlaka ya Mapato, TRA. Herufi husogea kadiri vyombo vinavyosajiliwa. Kundi moja la herufi tatu halifikishi vyombo elfu moja. Likijaa linafuata jingine. Kwa hiyo herufi inajibu swali moja tu: chombo hiki kiliingia lini kwenye daftari la TRA? Kilitengenezwa lini, kimetembea kilomita ngapi, kimetunzwaje, hayo herufi haiyajui. Tena mwendo wake haukuwa wa magari peke yake. Bodaboda nazo zilikuwa zikichukua namba za T kabla hazijatengewa MC, na wimbi la pikipiki za bei nafuu liliisukuma alfabeti mbele kwa kasi isiyohusiana hata kidogo na uzee wa gari la mtu.

Chukua hiyo IST inayotajwa kwenye kila tangazo. Toyota ilitengeneza kizazi cha kwanza cha IST kati ya 2002 na 2007. Gari hilo likamaliza miaka kumi au zaidi katika barabara za Japani, likapakiwa melini, likashushwa Dar es Salaam na kufungwa kibao cha D, na sasa cha E. Liegeshe kando ya Corolla iliyoingia nchini 2004 ikapewa namba A. Yawezekana yote mawili yalitoka kiwandani mwaka mmoja. Hili linaitwa gari jipya, lile linaitwa mkweche.

Wakenya nao wana tabia hii ya kutaja herufi, lakini wao wana kisingizio. Kenya haipokei gari la mtumba lililopitisha miaka minane tangu kutengenezwa, kwa hiyo herufi za Kenya haziwezi kuachana sana na umri wa gari. Tanzania haina ukomo huo. Inachofanya ni kutoza ushuru wa bidhaa wa ziada: asilimia 15 kwa gari la miaka minane hadi kumi, asilimia 30 kwa lililozidi kumi. Anayelipa anaingiza, hata kama gari lina miaka ishirini. Nchi ambayo herufi inasema machache zaidi kuhusu umri ndiyo hiyohiyo iliyoamua kuisikiliza kuliko nchi jirani.

Halafu kuna minada. Gari la serikali hubeba ST na herufi yake, la halmashauri SM, la shirika la umma SU, la mradi wa wafadhili DFP. Likiuzwa kwa raia linasajiliwa upya na kupewa namba inayotoka siku hiyo. Land Rover 110 iliyobeba chanjo kwa miaka ishirini ikishuka na kupanda ukingo wa bonde la Ziwa Rukwa, fremu ikapinda, ikanyooshwa, ikiuzwa mnadani inatoka getini ikiwa na namba iliyo mbele kuliko ya saluni iliyolala kwenye banda la mwalimu mstaafu tangu inunuliwe. Anayenunua kwa herufi atalipa zaidi kwa ile iliyochakaa. Hasara hiyo inawafika watu kila siku, na bado kijiwe kinaendelea kufundisha elimu ileile.

Kama herufi haisemi ukweli juu ya IST, juu ya gari la kale inasema uongo kabisa. Magari yaliyokuwako kabla ya mfumo wa T yaliondolewa kwenye namba zake za asili na kusajiliwa upya. Land Rover ya 1972 ikawa na namba A, sawa na saluni ya Kijapani iliyoshuka melini wiki hiyo. Herufi A kwenye gari hilo inaandika mwaka wa foleni ya TRA. Miaka thelathini iliyotangulia haimo. Anayeionea aibu A kwa sababu eti inalizeesha gari hajahesabu vizuri: A inalipunguzia gari hilo umri wa kizazi kizima.

Hapo ndipo ulipo uchungu wa jambo hili. Namba za kabla ya T zilikuwa zinaeleza kitu. Katika Tanganyika ya ukoloni na miaka ya mwanzo ya uhuru, herufi za mbele zilitaja mahali. Gari la Dar es Salaam lilianza na DS. Baadaye zikaja namba zilizoanza na TZ. Kibao kilikuwa cheusi, herufi nyeupe au za rangi ya fedha, kwa mtindo wa Kiingereza. Mzee aliyeliona gari barabarani alijua limetoka wapi na ni la enzi gani bila kumuuliza dereva.

Enzi hizo si mchezo. Gari lenye namba ya TZ lilipita katika miaka ya uhaba wa mafuta, wakati magari binafsi yalipigwa marufuku kutembea Jumapili kuanzia mchana. Lilipita 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Kenya kufungwa, spea zikawa dhahabu mpaka mpaka ulipofunguliwa tena 1983. Mengine yaliingia baada ya 1984, serikali iliporuhusu mtu kuagiza bidhaa kwa fedha zake za kigeni bila kuulizwa amezipata wapi, na pikapu zikaanza kuonekana tena mijini. Namba ndiyo iliyolifunga gari na nyakati hizo. Ukiifuta, kinachobaki ni bati lililopakwa rangi nzuri.

Na Ufipa ina sababu ya kulijali hili kuliko mikoa mingi. Rukwa ilipokuwa mkoa mwaka 1974, hapakuwa na lami ya kuufikia. Safari ya kutoka Tunduma kupita Laela hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi kiangazi na ya tope masika, na iliendelea hivyo hadi mradi uliofadhiliwa na Marekani kupitia Shirika la Changamoto za Milenia, uliosainiwa 2008, ulipoiwekea lami njia hiyo ya kilomita zaidi ya 220. Kabla ya hapo, mtu wa Kirando aliyetaka kufika hospitali ya mkoa, mwalimu aliyepangiwa Muze, debe la dagaa lililotoka Kasanga, vyote vilipita mikononi mwa magari ya aina chache: Land Rover za serikali na za misheni, malori ya Bedford na Leyland, baadaye Scania zilizounganishwa na TAMCO kule Kibaha. Historia ya barabara za Ufipa haijaandikwa kitabuni. Sehemu kubwa yake imeandikwa kwenye magari hayo.

Kuna sababu ya kiufundi pia kwa nini Land Rover ndiyo iliyobaki. Ilipoanza kutengenezwa Solihull, Uingereza, mwaka 1948, chuma kilikuwa adimu baada ya vita, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa mchanganyiko wa alumini. Alumini hailiwi na kutu kama chuma. Kinachooza ni fremu na ukuta wa chuma unaotenganisha injini na dereva, na hivyo fundi wa Sumbawanga anaweza kuvichomelea. Ndiyo maana mtu anaweza leo kufufua gari la 1968 kwa vipande vilivyotoka kwenye magari matatu. Na ndiyo maana swali la namba ni zito: gari lililokusanywa kutoka sehemu mbalimbali linajitambulisha kwa nini?

Waingereza, ambao ndio waliolitengeneza, walishalijibu. Idara yao ya leseni za magari kwa miaka mingi ilitumia hesabu ya pointi kwa gari lililojengwa upya. Fremu ya asili, au mpya iliyotoka kwa mtengenezaji kwa vipimo vilevile, ilikuwa na pointi tano. Springi, ekseli, gia na usukani, kila kimoja pointi mbili. Injini ilikuwa na pointi moja tu. Gari lisilofikisha nane, fremu ikiwamo, lilipoteza haki ya kutumia namba yake ya zamani. Namba ilifuata uti wa mgongo wa gari, na gari liliweza kubadilishiwa moyo bila kubadilishiwa jina. Hilo lingewafaa sana Wafipa, kwa kuwa Land Rover nyingi za huko zilikwisha tolewa ile injini ya lita 2.25 zikapewa dizeli ya Toyota au Isuzu. Bado ni zilezile, mradi fremu ni ileile na kadi inakubaliana nayo.

Sheria ya Uingereza ina pia kifungu ambacho wanakijiwe wa Sumbawanga wangekisoma mara mbili. Mtu anaruhusiwa kuweka kwenye gari lake namba inayolifanya lionekane kuukuu. Haruhusiwi kuweka namba inayolifanya lionekane jipya kuliko lilivyo. Kinachotukuzwa huku kama heshima, kule kinahesabiwa kuwa udanganyifu kwa mnunuzi. Na mnunuzi ndiye anayestahili kulindwa, awe London au Laela.

Sasa ije namba ya jina. Watetezi wake husema kwamba gari la kale ni la pekee, kwa hiyo linastahili kibao cha pekee. Sentensi hiyo ina nusu ya kweli. Upekee wa gari la kale unatokana na lilikopita, na namba ya jina haisemi lolote kuhusu huko. Inamsema mmiliki. Siku gari likiuzwa, mnunuzi hatakubali kuendesha jina la mwenzake. Kibao kitafunguliwa na gari litarudi kuwa yatima. Land Rover iliyokwisha kuwa ya daktari wa wilaya, ya padri, ya mfanyabiashara wa maharage na ya mjukuu wake haiwezi kutendewa haki kwa jina la huyu wa mwisho peke yake.

Gharama nayo itazamwe. Bajeti ya 2016/17 ilipandisha ada ya namba hizo za majina kutoka shilingi milioni 5 hadi milioni 10, tena kwa kila miaka mitatu. Hata mtu akihesabu kwa ile ya chini, ya milioni 5: mwaka 2024 Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, NFRA, ulinunua mahindi kwa shilingi 700 kwa kilo. Kibao kimoja cha jina kinameza zaidi ya tani saba za mahindi, magunia sabini ya kilo mia, na baada ya miaka mitatu kinadai tena. Fedha hizo zingenunua fremu nzima, matairi manne na kazi ya fundi bora. Ajabu ni kwamba wanaotetea kibao hicho ndio wanaomwambia anayetaka kutunza namba ya zamani kwamba ana anasa za wenye nacho. Kutunza namba hakugharimu kitu. Kunahitaji kuacha tu.

Njia ya tatu haisemwi kwa sauti lakini inajulikana. Mmoja ana kadi ya Land Rover ambayo yenyewe ilikwisha katwakatwa na wauza chuma chakavu. Mwingine ana Land Rover isiyo na kadi. Wanakutana, fedha zinabadilishana mikono, gari linavalishwa namba isiyo yake. Wengine hufanya hivyo kukwepa ushuru, wengine kwa kuamini kweli kwamba wanaokoa gari. Nia haibadilishi kitu. Namba ya chesisi imegongwa kwenye fremu, na askari au ofisa wa TRA akiinama kuitazama, mwenye gari ana kesi. Ajali ikitokea, kampuni ya bima nayo itainama kuitazama. Na kwa upande wa historia ubaya ni mkubwa zaidi: magari mawili yanauawa kwa mpigo, lililokatwa linanyang'anywa kumbukumbu yake, na lililobaki linapewa maisha ambayo halikuyaishi. Anayelipenda gari la kale hapaswi kugusa biashara hiyo, hata kama namba inayouzwa ni nzuri na ya enzi ileile.

Uzuri wa uongo uko pia kwenye vibao vya 3D, vile vyenye herufi zilizoinuka. Polisi wa usalama barabarani walikwisha vikataza, na kwenye gari la kale havina hata udhuru wa kupendeza: herufi ya plastiki inayong'aa chini ya taa za duara za miaka ya sitini inalichekesha gari ambalo mwenyewe ametumia miezi kulirudishia heshima.

Wapo wanaopinga kwa hoja nzito zaidi, na wanastahili kujibiwa. Wanasema dola inahitaji mfumo mmoja. Polisi, bima na TRA wanasoma daftari moja. Kila namba ya kizamani ikirudishwa barabarani kutakuwa na vurugu, namba mbili zitafanana, wezi watafurahi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama hakuna nchi iliyokwisha ijibu. Lakini zimeijibu, na nyingine ni jirani.

Kenya ilipobadili mfumo mwaka 1989 na kuongeza herufi mwishoni, haikuyanyang'anya magari ya zamani namba zake. Mpaka leo gari lenye herufi tatu na tarakimu tatu tu, bila herufi ya mwisho, linakutana na trafiki wa Nairobi na kupita. Mwaka 2022 Kenya ilipoleta vibao vipya vyenye alama za usalama, kilichobadilika ni bamba. Namba ya gari ilibaki palepale. Katika mashindano ya magari maridadi ya Concours d'Elegance, yanayofanyika Nairobi tangu 1970, magari ya kale husimama mbele ya majaji na namba yaliyozaliwa nazo. Polisi wa Kenya hawajalemewa kwa sababu hiyo.

Uingereza inaruhusu gari la kihistoria lililotengenezwa kabla ya Januari 1, 1980 lifunge kibao cheusi cha zamani. Tena ina utaratibu wa kumrudishia mtu namba ya asili iliyopotea kwenye kumbukumbu, mradi alete ushahidi unaoiunganisha namba na chesisi, kama kitabu cha zamani cha usajili. Ujerumani tangu 1997 huongeza herufi H mwishoni mwa namba ya gari lililotimiza miaka thelathini na kukaguliwa kuwa liko katika hali yake ya asili. Majimbo kadhaa ya Marekani, California likiwamo, humruhusu mwenye gari la kale kufunga kibao halisi cha mwaka gari lilipotengenezwa, kikiwa kimeingizwa kwenye daftari. Hizi si nchi zinazochezea udhibiti wa magari. Kwao kompyuta moja inabeba namba mbili kwa gari moja, na ya TRA inaweza vilevile.

Wengine watasema basi, hayo ni mambo ya Wazungu. Oktoba 2024 Arusha ilijaa Land Rover zilizotoka pande nyingi za nchi kwa lengo la kuvunja rekodi ya dunia ya msafara, ambayo Ujerumani ilikuwa imeiweka 2018 kwa magari 632. Waliokuwa nyuma ya usukani walikuwa madereva wa utalii, mafundi, wakulima. Makumbusho ya Taifa, Dar es Salaam, inahifadhi magari ya viongozi, likiwamo Rolls-Royce la enzi za magavana lililomhudumia pia Mwalimu Nyerere. Mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki ya 1966 na 1967 yalishindwa na Bert Shankland na Chris Rothwell, madereva waliotoka Tanzania, kwa Peugeot 404. Na kama ni kuheshimu kazi ya chuma, Ufipa ilikuwa ikiyeyusha chuma kwenye matanuri marefu ya udongo, malungu, kizazi baada ya kizazi. Wanaakiolojia, Bertram Mapunda akiwamo, wametumia miaka wakisoma mabaki ya matanuri hayo. Wafipa hawahitaji kufundishwa na mtu wa nje kwamba kitu kilichotoka motoni kina thamani baada ya kuacha kuwa kipya.

Tatizo ni kwamba sheria za Tanzania zinalijua gari kuukuu kwa sura moja tu, ya kosa. Ushuru unaliadhibu kwa umri wake. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliweka mpaka wake mkuu wa umri katika karne ya 19, kabla gari lolote halijakanyaga Tanganyika, kwa hiyo Bedford ya 1959 haiingii humo. Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973 inaliona kama chombo kingine chochote. Hakuna daftari linalosema: hili limetimiza miaka thelathini, ni zima, fremu ni ya asili, litunzwe. Katika ukimya huo wauza chuma chakavu ndio wanaotoa uamuzi, na wao hupima kwa kilo.

Kinachopendekezwa si kikubwa. Kadi ya gari iongezewe mstari mmoja wa namba ya awali kwa kila gari lililosajiliwa kabla ya mfumo wa T. Gari lililotimiza miaka thelathini tangu kutengenezwa, likikaguliwa na kuonekana zima, liruhusiwe kufunga namba hiyo kwenye kibao cheusi, huku ile ya T ikibaki kwenye daftari na kwenye bima. Ada iwepo, lakini iwe ya kazi ya ofisi. Na atakayekamatwa amehamisha namba ya kale kwenda kwenye fremu nyingine apoteze vyote viwili, namba na gari.

Mpaka hapo patakapofika, anayefufua gari Sumbawanga, Matai au Namanyere ana kazi ya kufanya, na haina uhusiano na kununua namba. Abaki na kibao cha A kilicho kwenye kadi, cha njano kama gari ni binafsi, cheupe kama linabeba abiria au mzigo wa biashara, kikiwa safi na kimefungwa sawasawa. Akumbuke pia kwamba vioo na taa za magari mengi nchini vimechorwa namba kwa kuogopa wezi. Namba ikibadilishwa, kila kioo kitaendelea kumsuta. Asafishe fremu mpaka namba ya chesisi isomeke, aipige picha, ailinganishe na kadi, na kama injini ilibadilishwa ahakikishe kadi imebadilishwa pia. Namba hiyo ya chesisi akiipeleka kwenye makumbusho ya magari ya Uingereza kule Gaydon, kwa malipo, atapewa cheti cha tarehe gari lilipotoka kiwandani na nchi lilikotumwa. Halafu afungue masanduku ya wazee: kitabu cha zamani cha usajili, stakabadhi ya bima, picha ya harusi ambayo nyuma ya bwana harusi inaonekana pua ya gari na namba yake. Hivyo ndivyo vitakavyokuwa ushahidi siku TRA itakapofungua dirisha, na wenye kuvikumbuka wanazidi kupungua.

Kibao cheusi cha TZ kikipatikana darini, kisifungwe kwenye gari la barabarani. Leo hilo ni kosa. Kitundikwe gerejini, na nakala yake iandikwe kwenye faili la gari. Ada ya namba za majina ilipandishwa kwa mstari mmoja ndani ya hotuba ya bajeti. Namba za magari ya kale nazo hazihitaji zaidi ya mstari kama huo, na wabunge wa Rukwa wana nafasi ya kuuomba kila Juni.